Jumanne Ngoma na Jiwe la Buluu

Somo la kusoma na kujadili kwa wanakisomo wa Mkwajuni

Kabla ya kusoma

Ndugu mwanakisomo, kabla ya kuanza somo hili, zungumza na jirani yako juu ya maswali haya mawili.

1. Je, umepata kuokota jiwe la ajabu shambani, mtoni au njiani? Ulilifanyia nini?

2. Mtu akigundua kitu chenye thamani, atawezaje kuwaonyesha wengine kuwa ni yeye aliyekigundua?

Sasa soma polepole. Maneno magumu yameelezwa mwishoni.

1. Nchi yetu ya mawe

Mkwajuni ni makao makuu ya wilaya ya Songwe. Zamani wilaya hii ilikuwa sehemu ya wilaya ya Chunya. Nchi hii, toka Chunya mpaka Saza, imo katika eneo ambalo wataalamu huliita eneo la dhahabu la Lupa. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa miaka ya 1920. Mgodi mkubwa wa Saza ulifanya kazi tangu mwaka 1939 hadi mwaka 1956. Mpaka leo wachimbaji wadogo wanashuka katika maduara, wanapasua mwamba na kuosha mchanga mwaloni.

Kwa hiyo watu wa hapa wanayajua mawe. Mchimbaji mzoefu huinua jiwe, hulitazama, hulipima mkononi, kisha husema: "Hili lina kitu." Hakusoma chuoni. Amefundishwa na kazi, macho na wazee wake.

Leo tutasoma habari za watu wa namna hiyo. Walikuwa watu wa kawaida. Hawakuwa wataalamu wa miamba wa serikali wala wa kampuni. Lakini kutokana na macho yao dunia ilipata jiwe jipya la thamani. Tutaona pia jinsi mmoja wao alivyongoja miaka mingi kabla ya kutambuliwa.

2. Vilima vya Mirerani

Tuondoke Songwe kwa muda. Twende kaskazini mwa Tanzania, upande wa mlima Kilimanjaro. Kusini mashariki ya mji wa Arusha kuna vilima vikavu viitwavyo Mirerani. Leo viko katika wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara.

Mwanzoni mwa mwaka 1967 hapakuwa na migodi ya vito mahali hapo. Palikuwa na nyasi, miiba na mawe. Wamasai walichunga ng'ombe wao huko. Bila shaka wengi walipita juu ya mawe ya pale bila kuyajali. Jiwe halina mdomo. Haliwezi kumwambia mtu bei yake.

3. Ndugu Jumanne Ngoma aona jiwe

Jumanne Mhero Ngoma alikuwa Mtanzania, mtafutaji wa madini. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwezi wa Januari 1967 alipita katika vilima vya Mirerani. Hapo aliona mawe ya buluu yaking'aa juu ya ardhi.

Ngoma hakujua jina la mawe hayo. Lakini alijua kuwa hayafanani na mawe aliyoyazoea. Hakuyatupa. Aliyachukua, kisha akatafuta watu wa kuyatambua.

Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji. Watu wengi huona kitu kigeni, wakashangaa, halafu wakaendelea na safari. Ngoma aliona, akachukua, akauliza. Hatua hizo tatu ni mwanzo wa elimu yote ya mawe. Mtaalamu aliyesoma miaka mingi naye huanza hivyo hivyo.

4. Fundi cherehani wa Arusha

Mwaka ule ule alikuwapo mtu mwingine. Jina lake Manuel d'Souza, Mgoa aliyekaa Arusha. Kazi yake ilikuwa kushona nguo. Lakini alipopata nafasi aliacha cherehani akaenda porini kutafuta dhahabu na madini mengine. Elimu ya mawe aliipata kwa kutafuta, kama wachimbaji wa kwetu.

Mwezi wa Julai 1967, d'Souza alipata vipande vya mawe ya buluu karibu na Mirerani. Kwanza alidhani ni jiwe la aina iitwayo olivini. Alipolichunguza zaidi aliona sivyo. Akadhani ni jiwe la aina nyingine, na hilo nalo halikuwa sawa. Kubahatisha jina la jiwe si aibu, maana mawe mengi yanafanana. Lakini kubahatisha hakutoshi kumwambia mtu anachomiliki.

D'Souza alifanya jambo moja muhimu mapema. Alikwenda katika ofisi ya serikali akaandikisha eneo lake la kuchimba. Jina lake likaingia katika vitabu. Hakuishi kufaidi sana jiwe hilo, kwa sababu mwaka 1969 alikufa katika ajali ya gari. Hata hivyo, mpaka leo vitabu vingi vya nchi za nje humtaja yeye kuwa mgunduzi wa jiwe la Mirerani. Sababu moja ni kwamba jina lake liliandikwa.

5. Jibu kutoka Dodoma

Tangu mwaka 1925 Dodoma pamekuwa na idara ya serikali ya kuchunguza miamba. Leo kazi hiyo inafanywa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Katika maabara yake mawe hupimwa. Wataalamu hutazama ugumu wa jiwe, uzito wake, rangi yake na vitu vilivyomo ndani yake.

Mawe ya buluu ya Mirerani yalifika Dodoma. Mtaalamu wa serikali aitwaye Ian McCloud ndiye wa kwanza kuyatambua sawasawa. Aliona kuwa ni jiwe la jamii ya zoisaiti. Mawe mengine yalipelekwa Marekani, Uingereza na Ujerumani. Wataalamu wa huko nao wakatoa jibu lile lile.

Zoisaiti ilikuwa imejulikana zamani. Jambo jipya lilikuwa hii ya buluu, iliyo angavu kama kioo na inayofaa kukatwa kuwa kito. Rangi yake hutokana na kiasi kidogo cha madini yaitwayo vanadi. Ukiligeuza jiwe mkononi, upande huu utaona buluu, upande huu zambarau, na upande mwingine wekundu uliofifia. Mawe mengi yakitoka ardhini huwa ya kahawia. Yakipashwa moto mkali wa nyuzi 600 hivi, hugeuka buluu.

6. Jiwe lapata jina la nchi yetu

Mwaka 1968 kampuni ya Marekani ya kuuza vito, iitwayo Tiffany, ilianza kulitangaza jiwe hilo. Inasemekana wenye kampuni hawakulipenda jina la zoisaiti. Kwa Kiingereza hutamkwa karibu sawa na neno la mtu kujiua. Nani atamnunulia mchumba wake pete yenye jina hilo? Wakalipa jiwe jina la nchi lilikotoka: tanzanaiti.

Hivyo jina la Tanzania likavaliwa vidoleni na shingoni katika nchi za mbali. Mpaka leo tanzanaiti inachimbwa mahali pamoja tu duniani, nako ni Mirerani.

Jiwe lilipata jina. Lakini Jumanne Ngoma je?

7. Miaka ya kungoja

Habari za jiwe zilipoenea, watu wengi walikimbilia Mirerani. Mwaka 1971 serikali iliitaifisha migodi ya tanzanaiti. Wengine walitajirika kwa jiwe hilo. Wengine walipoteza mali, na wengine walipoteza maisha yao ndani ya mashimo.

Katika miaka hiyo hadithi nyingi zilisimuliwa juu ya ugunduzi. Huyu alisema ni fundi cherehani. Huyu alisema ni mchungaji wa Kimasai. Wengine walidai ni moto wa porini uliounguza nyasi na kuyageuza mawe rangi.

Mwaka 1984 serikali ya Tanzania ilimpa Jumanne Ngoma cheti. Cheti hicho kilimtambua kuwa mgunduzi wa tanzanaiti. Ilikuwa imepita miaka 17 tangu alipoyaona mawe.

Baada ya hapo miaka mingine mingi ikapita. Tarehe 6 Aprili 2018, Rais John Magufuli alikwenda Mirerani kuzindua ukuta uliojengwa na Jeshi la Wananchi kuzunguka machimbo. Ukuta huo una urefu wa kilomita 24 na nusu. Ulijengwa ili tanzanaiti isitoroshwe. Siku hiyo Mzee Ngoma alikuwapo. Alikuwa mzee sasa, na afya yake ilikuwa dhaifu. Mbele ya watu wote Rais alimtambua, na akatangaza kuwa serikali itampa shilingi milioni 100.

Mwezi wa Januari 2019, Mzee Jumanne Ngoma alifariki dunia. Shukrani hiyo kubwa ilikuwa imemfikia katika mwaka wake wa mwisho.

8. Hesabu ndogo

Chukua kalamu na daftari.

(a) Toka mwaka 1967 hadi mwaka 1984 ni miaka mingapi?
(b) Toka mwaka 1984 hadi mwaka 2018 ni miaka mingapi?
(c) Jumlisha (a) na (b).

Jibu la (c) ni miaka 51. Mtoto aliyezaliwa mwaka Ngoma alipoyaona mawe alikuwa na umri wa miaka 50 au 51 siku ile pale ukutani. Huenda alikuwa tayari ana wajukuu.

9. Tunajifunza nini?

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inawafaa wafanyabiashara, na inawafaa wachimbaji pia.

Tazama mfano wa hapa mkoani kwetu. Katika wilaya ya Mbozi kuna kimondo, yaani pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani. Wenyeji walilijua tangu zamani. Lakini vitabu vingi husema liligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott, kwa kuwa ndiye aliyelifanya lijulikane nje. Wazee walioliona kwanza hawatajwi kwa majina.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Una chombo ambacho wazee wale hawakuwa nacho. Kitumie hivi.

Kwanza, tunza jiwe na andika habari zake siku ile ile. Usingoje kesho, maana kichwa husahau. Andika katika karatasi moja, halafu nakili katika daftari lako. Huu ni mfano:

KARATASI YA JIWE
Tarehe niliyolipata: ..............
Kijiji na kitongoji: ..............
Mahali penyewe (mto, kilima, shamba, mti wa karibu): ..............
Lilikuwa juu ya ardhi au kina cha futi ngapi: ..............
Rangi na uzito: ..............
Jina langu: ..............
Jina la shahidi: ..............
Sahihi zetu: ..............

Funga jiwe pamoja na nakala ya karatasi hii. Ukiwa na mawe mawili, yafunge mbalimbali. Jiwe lisilojulikana lilikotoka hata mtaalamu hatakusaidia nalo sana.

Pili, lijaribu mwenyewe kwa njia rahisi. Tuchukue dhahabu. Kuna jiwe la manjano liitwalo pairaiti, lenye chuma na salfa ndani yake, ambalo humdanganya mtu mgeni. Weka chembe juu ya chuma, uigonge polepole kwa nyundo. Dhahabu hubonyea na kutandazika. Pairaiti huvunjika na kuwa unga. Au isugue chembe juu ya upande wa kigae usiong'aa. Dhahabu huacha alama ya manjano. Pairaiti huacha alama nyeusi au ya kijani cheusi.

Tatu, waulize wataalamu. D'Souza alibahatisha mara mbili akakosa. Maabara ilipima ikapata. Ulizia katika ofisi ya Afisa Madini Mkazi namna ya kupimiwa jiwe. Ukipewa majibu ya kipimo, omba yaandikwe, yawe na tarehe na jina lako. Uyasome mwenyewe kabla ya kuondoka. Kama kuna neno usilolielewa, uliza maana yake. Si aibu kuuliza.

Nne, fuata sheria. Kwa sheria ya Tanzania, madini yote yaliyo ardhini ni mali ya taifa. Kuwa na shamba si kuwa na dhahabu iliyo chini ya shamba. Anayetaka kuchimba lazima apate leseni. Ipo leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo ni ya Watanzania. Hudumu miaka 7, na baadaye mwenye leseni anaweza kuomba tena. Soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye leseni, na uiandike pia ukutani nyumbani kwako. Leseni iliyokwisha muda ni karatasi tupu.

Tano, uza mahali pa halali. Tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini mikoani. Huko jiwe hupimwa uzito mbele ya mwenyewe, na mauzo huandikwa. Anayeuza gizani hawezi kulalamika mchana.

Mfano mzuri ulionekana Mirerani mwezi wa Juni 2020. Mchimbaji mdogo Saniniu Laizer alipata mawe mawili makubwa ya tanzanaiti. Moja lilizidi kilo 9, na la pili lilizidi kilo 5. Hakuyatorosha. Aliyauza kwa serikali kwa zaidi ya shilingi bilioni 7 na milioni 700. Habari zake zilitangazwa nchi nzima na nje ya nchi siku zile zile. Hakungoja miaka 51.

10. Neno la mwisho

Hatuwezi wote kugundua kito kipya. Wengi wetu tutaendelea kupata chembe ndogo za dhahabu, na siku nyingine hatutapata kitu. Lakini hata chembe ndogo ina mwenyewe, ina mahali ilipotoka na ina siku yake. Andika hayo.

Maneno magumu

Duara – shimo la kuchimbia madini.
Kito – jiwe la thamani linalotumika kwa mapambo.
Leseni – ruhusa ya serikali iliyoandikwa.
Maabara – chumba au nyumba ya kupimia na kuchunguza vitu.
Mgunduzi – mtu wa kwanza kukipata au kukitambua kitu.
Mwalo – mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu.
Nakala – maandishi yaliyonakiliwa, yaliyo sawa na ya kwanza.
Taifisha – fanya mali iwe ya taifa.

Maswali

1. Jumanne Ngoma alifanya nini baada ya kuyaona mawe ya buluu?
2. Manuel d'Souza alikuwa na kazi gani Arusha?
3. Nani alikuwa wa kwanza kulitambua jiwe la Mirerani sawasawa, na alifanya kazi wapi?
4. Kwa nini jiwe liliitwa tanzanaiti?
5. Ngoma alipewa cheti mwaka gani?
6. Utatofautishaje dhahabu na pairaiti?

Ya kujadili

1. Kama Ngoma asingepata cheti mwaka 1984, je, angetambuliwa mwaka 2018? Toeni sababu.
2. Katika kijiji chenu, ni mambo gani yanayojulikana na wazee lakini hayajaandikwa? Chagueni jambo moja. Mwalikeni mzee mmoja darasani awaeleze, nanyi mwandike.

Zoezi la nyumbani

Tafuta jiwe lolote karibu na nyumba yako, hata likiwa la kawaida. Lijazie Karatasi ya Jiwe. Mwombe mtu wa nyumbani kwako awe shahidi, atie sahihi. Kama hajui kuandika jina lake, mfundishe usiku huo huo. Kisha leteni karatasi zenu darasani.